Sungura wa Waridi

Magogoni, Kisauni
8 Machi 1959

Dada Mwanatabu,

Shikamoo. Tulifika salama na vyombo vyetu, ila mtungi mmoja ulipasuka pale darajani, na ni ule ule ulionipa wewe, kwa hiyo nakuambia mapema usije ukasikia kwa watu. Nyumba ni ndogo kuliko ile ya Likoni. Kisima ki karibu. Mume wangu Gershom amepata kazi kwa seremala mmoja wa mjini na anavuka daraja kila siku kwa baiskeli. Nakuandikia wewe kwanza kabla ya ndugu zangu wa Ribe, maana herufi hizi nilikufundisha mimi, na ukishindwa kuisoma barua yangu aibu ni yangu.

Nina maombi mawili. La kwanza ni sungura wa marehemu mwanangu. Niliondoka nikamwacha kizimbani nyuma ya jiko bila kumwambia mtu neno. Kumbeba sikuweza, kumtazama sikuweza. Mwambie mzee wako Mwinyihaji nimemwomba amchinje kihalali kwa kisu chake, ili majirani wote wale, wa dini yenu na wa dini yetu. Msimpe mtu amfuge, nikaja kusikia habari zake. Likishatendeka niandikie neno moja tu, kisha tusimtaje tena.

La pili. Huku hakuna anayejua kwamba nilikuwa na mtoto. Wakiniuliza nasema bado sijajaliwa, na wao wananiombea. Wananiita Kadzo. Nawe dada, tafadhali, usiniite tena Mama Kahindi. Ulivyoniita vile siku ile pale ferini, ukipunga mtandio, nilitaka nirudi nikae chini mchangani nisinyanyuke.

Nisamehe. Msalimie mzee wako.

Wako,
Kadzo


Likoni
20 Machi 1959

Shoga yangu Kadzo,

Marahaba mwanangu, ingawa mimi na wewe hatupishani miaka ya kuamkiana hivyo, wanizeesha bure. Barua yako nimeisoma mwenyewe. Nilianza baada ya futari, nikamaliza wakati wa daku, na wali ukaungua, lakini nimeisoma. Mwinyihaji alitaka kunisaidia, nikamwambia kaa kando, wewe ulisoma chuo cha Kurani, mimi nina mwalimu wangu.

Neno lako limefika. Mwinyihaji alichukua kisu akaenda nyuma ya jiko. Umesema tusimtaje tena, basi simtaji.

Na hilo jina, sitaliandika. Lakini mdomo wangu sikuahidi, mdomo nimeuzoeza miaka mingi na haujui kusoma barua.

Upenuni kwangu pale tulipokuwa tukikaa, herufi zako za makaa zingali ukutani. A, B, CH. Mwinyihaji alitaka kupaka chokaa kwa ajili ya Idi, nikamwambia pakeni kote ila pale. Nikikaa kusuka ukili wa mkeka naziangalia. Nikifika kwenye K huwa nasimama kidogo, kisha naendelea.

Huo mtungi usinilipe. Nilikupa upasuke kwako.

Shoga yako,
Mwanatabu binti Mwidani


Likoni
11 Juni 1961

Shoga yangu Kadzo,

Ni muda hatujaandikiana, na kosa ni la mkono wangu, mzito kama mchi wa kinu. Nimesikia kwa Charo wa feri kwamba umejifungua binti na jina lake Mapenzi. Hongera sana. Mungu amkuze, amwondolee kijicho. Tulisoma Yasini hapa, usiseme wewe si wa dini, Yasini haiulizi mtu.

Huku mambo ni yale yale. Wanaume wamekaa barazani wanagombana habari ya Mwambao, pwani yetu ijitenge au isijitenge, huyu ataka hivi, huyu ataka vile, kisha wote wanakunywa kahawa ya mtu mmoja. Nyumba yako ameingia mpangaji tangu mwaka jana, Waridi, mwanamke wa Vanga, mzuri wa tabia ila yuwapenda usafi mpaka yachosha. Amefagia ua mpaka ua umekwisha.

Sasa nakuja kwenye shida. Huyu Waridi ana sungura wake. Tangu juzi yuwachechemea. Akiruka anauinua mguu mmoja kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, kisha anakaa, kisha anajaribu tena. Inaumiza roho kumtazama. Mwinyihaji asema achinjwe sasa kabla hajawa kibudu, nyama isipotee, na wajua Mwinyihaji akishika neno. Waridi hajui la kufanya. Nikamwambia ninaye mwenzangu, amekulia misheni Ribe, walikuwa na sungura wengi kuliko watoto, ngoja nimuulize.

Basi sungura akichechemea hufanywa nini? Nijibu upesi, ni kwa ajili ya Waridi.

Mwanatabu


Magogoni
15 Juni 1961

Dada Mwanatabu,

Asante kwa Yasini. Mapenzi ana mashavu kama maandazi na usiku halali.

Nilipoona neno sungura kwenye barua yako niliikunja nikaiweka chini ya mto. Nimeifungua leo. Mnyama wa Waridi hana kosa, kwa hiyo nakujibu.

Kwanza, mwambie Mwinyihaji kuchechemea si kufa. Sungura huficha maumivu kwa kuwa porini anayechechemea ndiye anayeliwa. Ukimwona anachechemea mbele ya watu ujue anaumwa kweli, lakini mengi yanapona.

Asimshike masikio. Mmoja amkalishe kwenye mapaja, amfunike macho kwa kanga, na miguu ya nyuma aishike vizuri, maana akipiga teke hewani anaweza kujivunja mgongo mwenyewe. Kisha mtazame wayo. Sungura hana wayo mgumu kama wa paka, ana manyoya tu, na manyoya yakiisha ngozi inachubuka. Mtenganishe vidole kimoja kimoja. Tafuta mwiba, tafuta uzi uliojizungusha, tafuta kucha iliyovunjika. Ushike mguu unaouma na ule mwingine wa upande wa pili, ulinganishe kama mmoja umevimba au una joto. Kama mfupa umevunjika mguu utaning'inia, na hapo ni habari nyingine.

Kisha awekwe mahali padogo asiweze kuruka, chini pawe na nyasi kavu tele, si saruji, si gunia lenye maji. Chakula kiwe karibu na mdomo. Msimpe dawa ya watu.

Niambie ni mguu gani, wa mbele au wa nyuma. Na rangi yake ni ipi, huyo sungura wa Waridi?

Kadzo


Likoni
19 Juni 1961

Shoga,

Rangi yake ni ya sungura. Waulizia rangi wataka kumposa?

Ni mguu wa mbele, wa kulia. Tumemshika kama ulivyosema, Waridi amefunika macho yake mwenyewe badala ya ya sungura, mpaka nikampokonya kanga. Mambo yote niliyafanya mimi. Amenikwangua kifuani, nikamwambia sawa, wewe mgonjwa.

Ila usinicheke kwa hili. Kabla barua yako haijafika, nilikuwa nimeshampaka hina. Sisi miguu ikipasuka hutia hina, inapoza, inafunga ngozi, mama yangu alikuwa akipaka nyayo kila mwezi na akafa nyayo zake laini kama za mtoto. Nikasema basi, mguu ni mguu. Nikaikoroga na ndimu vizuri, nikampaka, nikamfunga jani la mgomba juu, nikamtia ndani. Alipotoka, mguu mwekundu kama wa bibi arusi. Watoto wa mtaa wote wamekuja kumtazama na wanamwimbia.

Sasa nikitazama vidole sijui nyekundu ipi ni ya hina na ipi ni ya kidonda. Kwenye kidole kimoja kucha naiona imekaa upande. Nikiigusa yuwatetemeka.

Mwinyihaji amekuja na kisu tena jana. Amekitazama, akapitisha kidole, akasema hakina makali, na kumchinja mnyama kwa kisu butu ni kumtesa, haramu. Amekwenda kukinoa. Hajarudi na jiwe la kunolea mpaka leo.

Mwanatabu


Magogoni
23 Juni 1961

Dada,

Ndimu! Ndimu kwenye kidonda! Hata mimi nisingekwangua kifua, ningeuma.

Hina imeificha nyekundu ya kidonda, hilo ndilo tatizo lake, mbali na huo ukali wa ndimu. Chemsha maji, yapoe yawe vuguvugu, tia chumvi kidogo, umwoshe mguu taratibu mpaka hina inayotoka itoke. Halafu kausha. Kucha ikikaa upande imevunjika, ikate ile sehemu inayoning'inia tu kwa mkasi mkali, usiifuate mpaka ndani penye damu. Ikitoka damu, bana unga mkavu wa ngano pale mpaka ikome. Ukiona usaha, osha kila siku asubuhi na jioni. Kusiwe na inzi.

Na angalia anakula. Hili ulishike kuliko mengine yote. Mguu haumuui sungura, njaa ndiyo inayomuua. Akikaa siku nzima bila kula, na kile choo chake cha punje punje kikikoma, basi niandikie hapo hapo, usingoje posta.

Tena niambie kucha imevunjikaje. Sungura havunji kucha kwa kukaa. Ya mguu wa mbele huvunjika kwa kuparura. Anaparura nini? Ukitibu mguu na chanzo umekiacha, utatibu mpaka uchoke.

Jioni ile niliyokuwa nakuandikia barua iliyopita nilijikuta nasema maneno yale kwa sauti, kama nilivyokuwa nikisema zamani nikimfundisha mtu mwingine kumshika sungura. Mapenzi alikuwa ananitazama.

Kadzo


Likoni
26 Juni 1961
Kwa mkono wa Charo

Kadzo,

Nampa Charo barua hii akuletee mwenyewe, nimemwambia asipite kwa shangazi yake kwanza.

Hali. Tangu jana asubuhi hajatia kitu kinywani. Mguu ni afadhali, nimeosha kwa chumvi, kucha nimeikata, damu ikatoka kidogo nikatia unga, uvimbe umeshuka. Nilikuwa nafurahi. Sasa amegeuka ukutani. Nimempa mchicha, nimempa karoti ya mjini, nimempa hata kipande cha mkate. Anaufunga mdomo kama mtoto aliyesusa. Sijaona hata punje moja ya choo.

Na uliuliza anaparura nini. Anaparura mlango wa Waridi. Kila akifunguliwa hukimbilia pale, chini ya mlango upande wa kushoto. Zamani palikuwa udongo akachimba apendavyo. Waridi kwa usafi wake ameweka kizingiti cha saruji, akaziba na ule mwanya uliokuwa chini ya mlango. Sungura hajui saruji. Ameparura mpaka kucha imevunjika, na tangu juzi nilipomfungia ndani kwenye nyasi kavu kama ulivyoniagiza, asipate kwenda pale, ndiyo ameacha kula.

Nifanye nini? Mwinyihaji hata kisu hakitaji. Amekaa kwenye kigoda mbele ya kizimba tangu alfajiri, na mihogo haijapaliliwa.

Mwanatabu


Magogoni
26 Juni 1961
Kwa mkono wa Charo

Mwanatabu,

Charo anangoja hapa nje anakunywa maji, kwa hiyo sina nafasi ya maneno mazuri.

Mtoeni ndani. Mpelekeni pale pale mlangoni anapopataka. Mpeni matembele mabichi, yale majani ya viazi vitamu, yachumwe sasa hivi, yawe na maji ya umande au myanyunyizie. Msimlazimishe, mwekeeni karibu muondoke.

Sasa nami nakuuliza. Sungura wa Waridi anaparura mlango wa Waridi. Mbona Waridi hamfungulii mnyama wake mwenyewe? Waridi ametoka Vanga mwaka jana, na sungura wake anaukumbuka udongo uliokuwa pale kabla yake? Na kizimba hicho anachokikalia Mwinyihaji kiko kwa nani?

Mlango huo ni wangu, Mwanatabu. Upande wa kushoto ndipo kilipokuwa kitanda.

Nilikuomba jambo moja. Ulinijibu kwamba kisu kimekwenda nyuma ya jiko, nami nikalala usiku ule nikijua limekwisha. Miaka miwili umeniacha nilale na uongo. Anakwenda kutafuta nini mlangoni kwangu? Kama unajua nieleze, na kama hujui usiniandikie tena.

Kadzo


Likoni
30 Juni 1961

Kadzo,

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Leo naiandika hata ikiwa mbovu.

Neno la kisu lilikuwa kweli. Mwinyihaji alikichukua akaenda nyuma ya jiko. Alikaa huko mpaka nikamfuata. Nikamkuta amemweka Karani, sungura wenu, mapajani na kisu kiko chini. Akasema, "Hiki kisu butu, mke wangu." Kisu kile alikuwa amekinoa mwenyewe asubuhi ya siku ile, nami nalimwona. Tukambeba na kizimba chake mpaka kwetu. Tangu siku hiyo kila mtu akimuuliza habari ya sungura yule, kisu huwa butu. Ningekuandikia nini? Umeomba neno moja. Nikakupa moja, na la pili nikalimeza.

Sasa la mlango. Hili si langu wala si la Mwinyihaji, ni la mwanao, na aliniapisha.

Zile wiki zake za mwisho, daktari alisema asikae na mnyama kitandani, nawe ukamtoa Karani nje, na ulikuwa na haki. Siku moja nikipita na ndoo nalimwona Karani amelala mbele ya mlango wako, pua ameitia chini kwenye ule mwanya. Nikaona jani linasukumwa kutoka ndani. Tembele moja. Likaliwa. Likaja la pili. Nikachungulia dirishani. Kahindi amelala ukingoni mwa kitanda, mkono umefika chini, na fungu la matembele amelificha ndani ya foronya. Akaniona. Akaweka kidole mdomoni. Akasema, "Shangazi, usimwambie mama. Karani hajui mimi naumwa, atadhani nimemwacha."

Nikamwapia. Alifanya hivyo kila siku, nami nikawa namtilia matembele mengine dirishani ukienda kisimani, kwa hiyo nami nimo. Siku ile ya mwisho asubuhi alisukuma jani moja. Baada ya hapo hakukutoka kitu, na Karani alikaa pale mpaka jua likawa kali.

Ulipohama alikuwa akienda pale kila siku kungojea. Wapangaji walimcheka. Mimi sikuwaeleza. Nalisema hili ni dogo, nikimwambia mama yake nitamtonesha, na kiapo cha mtoto ni kiapo. Kama nalikosa, nimekosa. Nakulilia uniwie radhi.

Naye yu hai. Tulimtoa kama ulivyosema. Tukaweka matembele mbele yake kizingitini. Akayanusa, hakula, akaendelea kuparura na ule mguu wake mbovu. Mwinyihaji akatazama, akainuka, akaenda kwake akarudi na nyundo na tindo. Waridi akasema Baba, saruji hiyo bado mpya. Mwinyihaji alipiga magoti akapasua kizingiti upande wa kushoto mpaka mwanya ukatokea, jasho lamtoka, na yule mzee magoti yake wajua. Nikamweleza Waridi la kufanya. Waridi akaingia ndani, akafunga mlango, akalala chini kifudifudi na kanga yake nzuri, akasukuma jani moja.

Karani akalivuta. Akala. Waridi akasukuma jingine, akala. Nalisikia Waridi analia huko ndani, na hata hakumjua mtoto.

Sasa mguu anaukanyaga. Bado yuwachechemea kidogo asubuhi, kisha akipata joto hawezi mtu kumkamata. Hina haijatoka yote.

Ukitaka tumchinje, leta kisu chako mwenyewe. Hapa hakuna chenye makali.

Mwanatabu


Magogoni
19 Julai 1961

Dada Mwanatabu,

Barua yako niliipokea nikiwa nafua. Nimekaa nayo wiki hizi bila kukujibu, na najua umeteseka. Mwanzoni nilikuwa na hasira kweli, sikufichi. Nilisema nitavuka niende nikamwage maneno mbele ya mlango wako watu wote wasikie.

Kisha nikakumbuka matembele.

Siku zile Kahindi alikuwa hali kitu, wali hataki, uji hataki. Siku moja akaniambia, "Mama, niletee matembele." Nikapika kwa nazi, akaonja kijiko kimoja. Akasema, "Niletee na mabichi, uniwekee hapa karibu, nasikia harufu ya shamba." Dada, mimi mjinga wake, kila siku nikawa nachuma fungu zima kwenye shamba la Mwinyihaji nikimwekea kando ya mto ili mtoto wangu asikie harufu ya shamba. Kila jioni nikija, yamepungua. Nikamuuliza yamekwenda wapi, akanitazama na yale macho yake makubwa, akasema, "Yananyauka, mama, matembele hunyauka." Nami nikaamini.

Nilipofika hapo nikaanza kucheka. Nilicheka nimekaa na beseni la nguo katikati ya miguu mpaka Gershom akatoka ndani akidhani nimepatwa na jambo. Nikamsomea. Naye akacheka, "Mjanja yule," akasema, "mjanja yule kama babu yake." Tukacheka wote wawili, kisha tukalia. Tangu tuhame hatukuwa tumelitaja jina lake ndani ya nyumba hii, kila mtu alikuwa akimlinda mwenzake.

Nilidhani ya Kahindi yote nayajua na yamekwisha. Tangu afe nimekuwa nikiyarudia yale yale, alivyoanza kutembea, alivyoanguka kutoka kwenye mnazi mdogo, alivyompa sungura jina la Karani kwa sababu ati ananusanusa kama karani wa bandarini anayetafuta makosa kwenye karatasi. Nayarudia mpaka yamechakaa kama kanga ya kila siku, na yanaogopesha kwa kuchakaa, maana hakuna mapya yatakayokuja. Kumbe lilikuwa limebaki moja, jipya kabisa, halijaguswa. Ulikuwa umenitunzia wewe, na Karani ametunza mahali pake.

Jumwa, jirani yangu hapa, alisikia vicheko akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia mwanangu wa kwanza alikuwa mjanja sana. Akasema, "Wa kwanza? Kumbe Mapenzi ana kaka?" Nikamwambia keti nikueleze. Alikaa mpaka adhuhuri.

Usimchinje. Wala usimlete huku, asije akahangaika kutafuta mlango kwenye nyumba asiyoijua. Mwambie Waridi asizibe tena ule mwanya, na saruji yake Gershom atakuja kuirekebisha vizuri pembeni ili isimkwaruze. Ukiona kucha zimekuwa ndefu zipunguze ncha kila baada ya muda. Na hina, nakusihi, iwe ya arusi tu.

Jumamosi ijayo nakuja. Navuka na Mapenzi, tutapanda feri ya asubuhi. Matembele nitachuma mwenyewe kwa Mwinyihaji, yeye apumzike magoti. Nataka nilale chini pale mlangoni kwangu, ndani, Waridi akinipa ruhusa, nisukume jani moja, Mapenzi aone alivyokuwa akifanya kaka yake.

Nawe usingoje nyumbani. Njoo ferini na mtandio wako kama siku ile. Ukiniona nateremka, niite kwa sauti, mdomo wako haukuniahidi kitu.

Mimi,
Mama Kahindi